Watoto Waliokombolewa Pwani, na Malezi Yao Baada ya Kukombolewa



Msafiri atokaye kisiwani Mombasa, akiisha kuvuka daraja la Nyali, hufika penye njia panda iitwayo Kengeleni. Hapo umesimama mnara mdogo wenye kengele. Magari hupita pande zote, na wengi wa wapitao hawajui mahali pale palipataje jina lake. Wazee wa Freretown husimulia kwamba kengele ile ilipigwa kuwaonya wakazi kila walipoonekana watu wa kuteka watumwa. Twaianza habari yetu hapo kwa kuwa, katika nchi hii ya Kenya, hapo ndipo palipojaribiwa kwa mapana kazi ambayo chama chetu nacho chaijaribu kwa uwezo wake mdogo, yaani kuwapokea watoto waliouzwa, na kuwalea hata wawe watu wazima.

Kwanza twataka kuondoa fikira moja iliyozoeleka. Tusikiapo neno mtumwa, twamwona moyoni mwanamume mwenye nguvu, amejitwika pembe ya ndovu. Walakini katika miaka ya mwisho ya biashara ile, wengi sana wa waliopakiwa majahazini walikuwa watoto. Mtoto hukamatwa kwa urahisi, hula kidogo, hawezi kutoroka mbali, na husahau upesi lugha ya kwao. Na msichana alikuwa na bei yake mbali. Aliyekaribia kuvunja ungo alinunuliwa kwa fedha nyingi kuliko mvulana wa rika lake, maana alitakiwa awe suria. Watu wa zamani walikuwa na maneno laini ya kulisemea jambo hili, na vitabu vya shule hulipita kimya. Sisi hatuoni faida ya kulificha. Msichana aliyetolewa upande wa Ziwa Nyasa akauzwa Unguja, au akavushwa mpaka Arabuni, hakuulizwa kama alitaka mume. Na nyumba aliyotiwa, hata ikiwa nyumba ya heshima, hakuichagua.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Sir Bartle Frere alikuwa amekuja mapema mwaka ule kuutaka mkataba huo, asiupate. Balozi John Kirk ndiye aliyeumaliza, huku manowari zikitishia kuufunga mlango wa bandari. Soko lilifungwa, biashara haikufungwa. Ilihamia njia za nchi kavu, na ile ya baharini ikawa ya usiku. Manowari za Kiingereza zikaendelea kuyawinda majahazi kama zilivyofanya tangu zamani, na nahodha akawa na swali ambalo sheria haikumjibu: akiisha kulikamata jahazi lenye watoto tele, wagonjwa, wasio na nguo, wa lugha nyingi zisizoelewana, awapeleke wapi? Kuwarudisha kwao hakukuwezekana, kwa maana njia ya kurudi ndiyo ile ile waliyotekewa.

Wengi walipelekwa Bombay. Huko Uhindi, karibu na mji wa Nasik, wamisionari wa CMS walikuwa wamefungua makao ya watoto wa Kiafrika mahali paitwapo Sharanpur. Walifundishwa kusoma, useremala na uhunzi. Mmoja wa vijana waliotoka Nasik, Jacob Wainwright, alikuwamo katika kundi lililoichukua maiti ya Dr. Livingstone kutoka kwa Chitambo hata pwani baada ya kifo chake mwaka 1873. Na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwapo katika mazishi ya Westminster Abbey mjini London. Wengine watatu, William Jones, Ishmael Semler na George David, walikuwa wamerudishwa Afrika tangu 1864 ili wamsaidie mzee Rebmann kule Rabai. Tafadhali wanachama wayashike majina haya, kwa sababu tutayarudia.

Mwezi wa Novemba 1874 Padre William Salter Price, aliyekuwa msimamizi wa makao ya Nasik, alifika Mombasa. Mwaka uliofuata akanunua ardhi upande wa Kisauni, na kijiji kikaitwa Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere. Waafrika wapatao 150 walitoka Uhindi kuja kukaa huko na katika Rabai; na kabla mwaka 1875 haujaisha manowari zikaanza kuwashusha watu waliokombolewa baharini, wakubwa kwa wadogo. Asomaye kitabu cha Uhuru wa Watumwa alichokiandika James Juma Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934, ataipata habari hiyo kutoka kwa mtu aliyezaliwa na mmoja wa waliookolewa.

Fikirini hali ya mtoto aliyeshushwa pale. Alikuwa ametembea miezi mingi. Alikuwa ameona wenziwe wakiachwa njiani. Watu wazungu waliomshusha hakuwajua, na huenda aliambiwa na wenye jahazi kwamba Wazungu hula watu, kwa maana wauzaji walikuwa na desturi ya kuwatia watoto hofu hiyo wasifurahie kuokolewa. Sasa akapewa chakula, nguo na mahali pa kulala, na kesho yake shule. Akapewa na jina jipya. Chakula na shule zilikuwa neema, na hatuwezi kuzidharau. Watoto wa watu wale walikuja kuwa walimu, makarani, wakalimani na mafundi kabla ya sehemu nyingi za nchi yetu kuona ubao wa shule. Chuo cha walimu wa dini kilichoanzishwa Freretown mwaka 1903, kikahamia Limuru mwaka 1930, ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha St. Paul's cha leo.

Basi ni nini kilichowapungukia? Kwanza, ndugu. Mtu wa pwani akikutana na mgeni humwuliza: wewe ni mwana wa nani, mlango gani? Mtoto wa Freretown hakuwa na jibu. Majirani waliwaita mateka, na neno hilo liliwafuata hata wajukuu waliozaliwa huru katika nyumba za mawe. Mtu aweza kuwa na cheti cha shule na kazi ya mshahara, akaenda kuposa, wazee wakanyamaza. Misheni ilijenga kanisa, kisima na karakana, lakini haikuweza kumjengea mtoto ukoo, na kwa miaka mingi haikutambua kwamba hilo nalo lilikuwa hitaji.

Pili, msichana aliozwa upesi. Wakubwa wa misheni waliogopa mno msichana kukaa bila mume, wakadhani ndoa ya Kikristo ingefuta yote yaliyompata. Twaamini nia yao ilikuwa njema. Lakini aliyetoka juzi katika mikono ya mtu aliyemnunua, akatiwa leo katika nyumba ya mwanamume asiyemjua, tena wa lugha nyingine, ameokolewa nusu. Sisi Waafrika tusimcheke mmisionari kwa hilo, maana hata sasa katika wilaya zetu wapo wazee wenye heshima ambao, msichana akiharibiwa, shauri lao la kwanza ni aolewe na yule yule aliyemharibu, mbuzi zikatolewa, na aibu ikafunikwa.

Tatu, ulezi uliweza kugeuka utawala. Msimamizi mmoja mlei wa Freretown aliwatawala waliokombolewa kwa viboko na kifungo, hata mwaka 1881 ofisa wa jeshi la majini la Kiingereza akaja kulichunguza jambo hilo, na baadaye Padre Price akarudishwa kuja kutengeneza mambo. Watu waliofunguliwa minyororo ya jahazi walifungwa tena na wale wale waliowapokea, nao hawakuwa na pa kushtaki. Twalitaja hili kwa makusudi. Nyumba ya watoto isiyokaguliwa na mtu wa nje ni nyumba ya hatari, hata msimamizi wake akiwa mtu wa sala.

Sasa twaja kwa wale watatu wa Nasik. William Jones na Ishmael Semler walitawazwa mashemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu katika safari ya Uganda. Askofu alimwacha na sehemu kubwa ya msafara upande wa Kavirondo, akaenda mbele, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones ndiye aliyewaongoza waliobaki kurudi pwani, wakaingia Rabai mwanzoni mwa 1886. Ndivyo ajulikanavyo katika vitabu. Sisi twamheshimu zaidi kwa jambo jingine. Alipokuwa akisimamia Rabai, watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walimkimbilia kwa mamia. Kanuni za Serikali na za misheni zilikataza kuwapokea, kwa kuwa mabwana zao walikuwa wakitishia kuja na silaha. Jones aliuzwa akiwa mtoto. Alijua ni nini kumrudisha mtu kwa bwana wake, naye aliwaacha wakae, wakajenga, wakalima. Mwaka 1888, Bwana George Mackenzie alipofika kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akakuta katika vijiji vya misheni zaidi ya watoro 1,400. Ili kuepusha vita akakubali kuwalipa mabwana dola 25 kwa kila kichwa, na tarehe 1 Januari 1889 vyeti vya uhuru vikagawanywa Rabai. Wanachama waangalie jinsi hesabu ile ilivyokwenda: fedha ilikwenda kwa mabwana, na aliyekuwa mtumwa akapata karatasi.

Twaona hapa jambo ambalo waandishi wengi wa misheni hawakulipa uzito wake. Walezi wafaao kuliko wote katika Freretown na Rabai walikuwa wale walioonja machungu yale yale wakiwa watoto. Semler alipomfundisha mtoto aliyeshushwa jana, mtoto alimwona mtu mzima aliyetoka alikotoka yeye, akaishi, akaoa, akaheshimiwa. Hotuba haiwezi kufanya kazi hiyo.

Tumeyaandika haya kwa sababu halmashauri imeletewa swali na baadhi ya Wazee juu ya mfuko wa watoto. Mfuko huu, kama ijulikanavyo, husaidia watoto waliotolewa katika nyumba walimouzwa kwa wanaume, na wengine walioharibiwa na jamaa waliopewa kuwalea. Imeulizwa: mtoto akiisha kutolewa, na mwovu akiisha kupelekwa mahakamani, mbona jina lake laendelea kuonekana katika hesabu mwaka wa pili na wa tatu? Swali hili si la ubahili; fedha ni ya ada za watu maskini, na mwenye kuitoa ana haki ya kuuliza. Jibu letu ni kwamba kumtoa mtoto ni kazi ya siku moja, na gharama yake ni nauli. Yanayofuata ndiyo yaliyoishinda hata misheni iliyokuwa na manowari nyuma yake.

Ipo habari ya msichana mmoja wa Kiyao, Swema, ambayo padre wa Kifaransa wa Unguja aliiandika, ikachapwa Ufaransa mwaka 1870. Baba yake alikufa, mama akaingia katika deni, na mwenye kudai akamchukua mtoto badala ya mali yake. Mama hakukubali kuachana naye, akajitoa mwenyewe aende pamoja na msafara. Akaishiwa nguvu njiani, akaachwa afe. Swema alifika Unguja akiwa karibu ya maiti, hata wenye kumchukua wakaona hafai kuuzwa, wakamfukia katika kaburi lisilo na kina. Kijana mmoja aliyepita alisikia mtu akiugua chini ya mchanga, akamfukua, akampeleka kwa masista. Twajua padre aliandika ili Wakristo wa kwao wavutwe kutoa sadaka, kwa hiyo huenda maneno mengine ni yake wala si ya mtoto. Lakini lile deni hatulitilii shaka. Katika mashauri yaliyopita mikononi mwetu, mara nyingi mtoto hakutekwa na mtu mwenye bunduki. Palikuwa na karo, au dawa ya hospitali, au kodi ya nyumba. Kisha akaja mtu mpole mwenye ahadi ya kumsomesha mjini, au kumpatia kazi ng'ambo.

Unguja yenyewe ilikuwa na makao ya wasichana huko Mbweni, katika ardhi iliyonunuliwa na misheni ya UMCA mwaka 1871. Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akaisimamia shule ile miaka 25, na alipoacha kazi mwaka 1902 hakurudi Uingereza. Alibaki Unguja hata kufa kwake mwaka 1926. Huko nako waliozwa mapema, lakini baadhi yao walisomeshwa wakawa walimu, na mlezi alikuwapo miaka yote. Msichana aliyeondoka akiwa bibi arusi aliweza kurudi na mtoto mgongoni, akamkuta mtu yule yule. Sisi tulio na desturi ya kubadilisha wasimamizi kila mwaka tulifikirie jambo hilo. Na katika shule ya wavulana ya Kiungani vijana waliandika kwa Kiswahili habari za kutekwa kwao, A. C. Madan alizifasiri kwa Kiingereza na kuzitoa katika kitabu mwaka 1887. Kwa hiyo maneno ya watoto wenyewe yalisalia, jambo ambalo ni nadra.

Mfano mmoja watoka mbali zaidi, ingawa watu wake ni jamaa wa karibu wa Waborana wetu wa kaskazini. Mwezi wa Septemba 1888 manowari iitwayo Osprey iliyakamata majahazi matatu yaliyokuwa yakivuka Bahari ya Shamu kutoka pwani ya Afrika kwenda Arabuni, yamejaa Waoromo, wengi wao watoto. Wakapelekwa Aden. Misheni ya Waskoti iliyokuwa Sheikh Othman ikawapokea baadhi yao. Kwa sababu ya homa na joto la mahali pale, watoto 64, wavulana 42 na wasichana 22, wakahamishwa mwaka 1890 mpaka shule ya Lovedale katika Afrika ya Kusini. Kabla ya safari kila mmoja aliketishwa pamoja na mkalimani wa lugha yake, akaulizwa jina la baba, jina la mama, kwao wapi, alichukuliwa na nani, na alipita wapi. Majibu yakaandikwa, nayo yapo hata leo. Kisha mwaka 1903, walipokuwa watu wazima, wakaulizwa tena: mwataka kurudi kwenu? Mpango ule ulichukua miaka, ukahitaji ruhusa ya Mfalme Menelik, na mwaka 1909 watu 17 wakarudi Ethiopia. Wengine waliamua kubaki. Bisho Jarsa, aliyebaki, ni nyanya ya Dr. Neville Alexander, mwalimu aliyefungwa katika kisiwa cha Robben kuanzia 1964 hata 1974 kwa kupigania uhuru wa nchi ile. Tofauti ya Lovedale na Freretown twaiona hapo. Watoto wale nao walikuwa wageni wasio na ukoo, lakini kuna mtu aliyewauliza ukoo wao ni upi, akaandika.

Sheria nayo ilikuwa na kasoro yake. Mwaka 1897 Sultani wa Unguja alitoa amri ya kuuondoa utumwa katika Unguja na Pemba, lakini masuria walitolewa katika amri ile. Wakahesabiwa kama wake, wasiweze kudai uhuru kama watumwa wengine. Ilikuwa mpaka 1909 ndipo wakapewa haki hiyo. Yaani mkulima wa karafuu aliweza kwenda mbele ya hakimu miaka 12 kabla ya mwanamke aliyenunuliwa kwa ajili ya chumba cha kulala. Wanaume walioandika amri ile, Waarabu na Waingereza pamoja, walisema wanalinda heshima ya nyumba. Neno hilo hilo twalisikia barazani mpaka leo, mara kwa mara, tuletapo shauri la mtoto aliyeharibiwa na mtu wa mlango wake.

Siku hizi Kenya haikosi sheria. Iko ya mwaka 2006 juu ya makosa ya kujamiiana, iko ya mwaka 2010 ya kupinga usafirishaji haramu wa watu, inayomtishia mwenye kuuza mtu kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, na iko Sheria ya Watoto ya 2022. Ile ya 2010 yaagiza pia uwepo mfuko wa kuwasaidia waliouzwa, kwa hiyo hata Bunge limekubali kwamba kazi haiishi mahakamani. Lakini shauri huchukua muda mrefu. Mtoto huitwa kutoa ushahidi, huahirishwa, huitwa tena, na kila mara lazima mtu amsindikize, amlipie nauli, aketi naye nje ya chumba cha hakimu huku jamaa za mshtakiwa wakipita mbele yao. Kazi hiyo hufanywa zaidi na akina mama wawili wa chama chetu ambao wao wenyewe walipatwa na mambo hayo utotoni. Hawakutaka watajwe. Halmashauri yaomba wapewe posho ya safari.

Yaomba pia mambo mengine mawili. Mtoto yeyote wa mfuko asirudishwe nyumba alikotolewa, wala asiozwe, kwa shauri la wazee peke yao pasipo yeye kuulizwa akiwa mbali na jamaa zake. Na kila mmoja awe na daftari lake: jina alilopewa na wazazi, kijiji, mlango, lugha, na watu wa kwao anaowakumbuka, hata akiwakumbuka kwa majina ya utani tu. Daftari hizo zitafungwa kabatini, na ufunguo utakaa kwa mwenyekiti na kwa mmoja wa akina mama. Tumekwisha kuanza. Mtoto mdogo kuliko wote hakujua jina la kijiji chao, ila alisema kulikuwa na mto wenye mawe meupe, na kwamba bibi yake alikuwa akifuma vikapu. Tumeyaandika hayo kama alivyoyasema.